Moshi wa Talaso si mzimu wa mzungu

Saa tatu kasoro asubuhi, gari la maziwa kutoka Garbatulla limeshaondoka, na Talaso Dima amepiga magoti jikoni, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe pembeni mwa mji wa Isiolo. Anatumbukiza kijiti cha ejersa, mzeituni pori, chenye kaa jekundu ndani ya mtungi uliooshwa, anaufunika, anautikisa. Akiufunua, moshi mweupe unatoka hadi dirishani.

Nje, mwanamke mwenye kikapu anauona moshi huo. Anavuka barabara, anapita upande wa pili.

"Umeona?" Talaso anauliza. "Huyo alikuwa kastoma yangu."

Hivyo ndivyo Waborana wanavyotayarisha vyombo vya maziwa ya ngamia tangu jadi. Moshi huzuia maziwa yasiharibike upesi, na huyapa ile ladha ambayo wanywaji huifuata. Talaso, mjane mwenye watoto wanne, amekodi jiko hilo kwa miaka kumi na mmoja akifanya kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumkimbia.

Mwezi Machi walikuja vijana watatu kutoka Nairobi, wanaojiita wachunguzi wa mizimu. Walikuwa wamesikia hadithi ya afisa wa mifugo wa enzi za ukoloni, eti aliteketea katika nyumba hiyo na hadi leo hutokea akifuka moshi. Jioni moja wakazunguka ua na kamera, na kidude kinachosemekana kulia mzimu ukikaribia. Kidude kikalia kwenye ukuta wa jiko. Moshi ukatoka dirishani, maana Talaso alikuwa anafukiza mitungi ya kesho yake. Wakapiga mayowe, wakatimua mbio, wakaiweka video mtandaoni. Imetazamwa mara laki tatu.

Nyuma ya ukuta huo kuna friza ya Talaso, inanguruma usiku na mchana, na umeme wake unatosha kukiliza kidude cha aina hiyo. Uchunguzi gani huo unaoona wafu na usione friza?

"Mlango ulikuwa wazi," Talaso anasema, sauti ikimpanda. "Mtu angepiga hodi tu, ningemwambia karibu, nimpe maziwa. Wallahi, hakuna aliniuliza hata jina."

Hata kifo cha huyo afisa wao ni cha kutunga, kwa mujibu wa mlinzi wa nyumba, Mzee M'Ikiara, ambaye baba yake alikuwa mpishi wa afisa huyo.

"Mzungu hakuchomeka hata kidole," anasema. "Baba yangu ndiye alimbebea masanduku mpaka kwa lori, yule akaenda kwao na kikohozi chake. Sasa hawa watoto wa juzi wananiambia mimi alikufia hapa?"

Kwa simu, kiongozi wa vijana hao alimjibu mwandishi huyu hivi: "Sisi tunaonyesha tu, watu wajiamulie."

Watu wameamua. Kabla ya video, Talaso aliuza lita mia na ishirini kwa siku. Sasa hafikishi arobaini, na yanayobaki, friza ikijaa, yanachacha. Kati ya wafugaji tisa wanaomletea maziwa, wawili wameshatafuta mnunuzi mwingine. Wengine wakiwafuata, atafunga kazi.

Majirani wanamshauri alete shehe aisomee nyumba dua. Amekataa katakata.

"Mimi namuomba Mungu kila siku," anasema. "Lakini nikiita shehe afukuze jini, si nitakuwa nimekubali jini alikuwa hapa? Nitakuwa nimejishtaki mwenyewe."

Ana mpango mwingine. Kuanzia Jumamosi, atahamisha makaa, vijiti na mitungi hadi mbele ya nyumba, kando ya barabara, afukizie hapo mji mzima ukitazama. M'Ikiara ameahidi kutoa benchi. Je, vijana wa Nairobi wakirudi na kamera zao?

"Waje, wapige video hiyo pia," Talaso anasema. "Kila mtu nitampa kikombe kimoja bure. Anayetaka kuogopa, aogope akishakunywa."