Hariri ya Bursa Imempoteza Mtu Wake Minneapolis

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari simu ilipolia. Alikuwa binti wa rafiki yangu, na kwa vile binti huyu hanipigii ila kuna jambo, niliacha kukwangua. "Anti, Mama ametutoka," akasema. Alikuwa ameugua muda mfupi tu. Wasomaji wangu waliokaa hapa Minneapolis kwa miaka watamjua marehemu hata nisipomtaja: yule mama wa Mombasa aliyekuwa na duka la mitandio ya hariri kwenye soko letu la ndani, kusini mwa mji. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na mchezo katika biashara. Siku moja nilimkuta na bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kutoka Blaine, kitongoji cha hapa, kutafuta mtandio wa hariri. Msichana alishika mmoja uliokuwa kwenye kapu la bei nafuu akasema huu huu unamtosha. "Huo si hariri, mwanangu," marehemu akamwambia. "Huo ni plastiki iliyopigwa pasi. Uchukue kama umekupendeza, lakini usije ukamwambia mtu nimekuuzia hariri."

Hariri yake aliifuata mwenyewe Bursa, Uturuki. Mwaka mmoja nilipokuwa naenda Kenya kumwona mamangu, nilikatiza safari tukaenda naye. Mji wa Bursa umekaa chini ya mlima mkubwa wenye theluji kileleni, na zamani, kabla Waturuki hawajaiteka Istanbul, huo ndio uliokuwa mji wao mkuu. Misafara ya ngamia ilifika pale kutoka Uajemi na hariri ghafi, ikawakuta wanunuzi wa Kiitaliano wanaisubiri. Masultani wakajenga majumba ya wafanyabiashara, na jumba tuliloingia sisi bado limesimama: ua mpana katikati, msikiti mdogo uliojengwa juu ya nguzo, na ghorofa mbili za vyumba kuuzunguka. Kodi ya vyumba vile iliwekwa wakfu kuendesha msikiti na shule. Baadaye wanavijiji wa pale wakaanza kufuga viwavi wa hariri wenyewe, wakiwalisha majani ya mforosadi, na kila msimu ua ule ukajaa magunia. Viwanda vya mvuke vikafuata, na ndani yake wanawake, mikono kwenye maji ya moto kutwa, wakivuta uzi. Kisha vita vikatawanya watu, hariri ya bandia ikaingia sokoni, na leo mji unaishi kwa viwanda vya magari na nguo za nyuzi za kutengenezwa.

Mzee aliyemuuzia marehemu hariri alikuwa na chumba chake ghorofa ya juu. Walisikilizana kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa yale maneno yanayofanana. Sisi twasema duka na wakfu, na wao husema karibu hivyo hivyo. Mzee alituhadithia habari za masultani na matajiri wa misafara, na mimi nikawa naandika. Marehemu alisikiliza, akanywa chai yake, halafu akauliza, "Na wale wanawake wa viwandani, kazi ilipokwisha walikwenda wapi?" Mzee aliweka gilasi chini. "Mamangu alikuwa mmoja wao," akasema. "Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani. Mpaka anakufa aliamka kabla ya alfajiri, akavaa, akakaa mlangoni. Hakuwa na pa kwenda." Nakumbuka marehemu alimshika mzee yule bega, jambo ambalo si desturi yake wala ya kwao, na mzee akamwachia.

Ilipotajwa habari ile hatukujua kwamba zamu ya marehemu ilikuwa njiani. Watu wakaanza kununua kwa simu. Mitandio ikawa inafika mlangoni ndani ya bahasha, kwa bei ambayo duka lenye kodi na taa haliwezi kushindana nayo. Mfanyabiashara mmoja wa jumla akamjia na shehena ya mitandio ya nyuzi za bandia, na lebo ndogo za kushona pembeni zilizoandikwa "hariri ya Bursa." Nilikuwepo. "Nani atajua?" yule bwana akauliza. "Mimi," marehemu akasema. "Na kule kuna mzee aliyenipa chai yake." Yule bwana akacheka akidhani ni utani, akaondoka na mizigo yake. Wapo waliosema mama huyu hajui biashara. Lakini mji kama Bursa haukuishi karne zote zile kwa sababu ya kuta nene. Mtu wa Florence kule Italia na mtu wa Tabriz kule Uajemi hawakuwa na lugha moja wala dini moja. Walichokuwa nacho ni hakika kwamba kinachoitwa hariri ni hariri. Marehemu aliijua hakika hiyo kwa vidole vyake, na badala ya kuivunja akafunga duka.

Baada ya kufunga alikwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Champlin. Akawa anaogesha na kulisha, akisimama zamu mbili wakati mwingine, na sikumsikia akilalamika. Ila alikoma kuvaa rangi. Yeye aliyekuwa akituambia nani avae zambarau na nani aiogope, akawa na mtandio mweusi kila siku, na tulipomuuliza alisema mweusi hauonyeshi uchafu.

Tulimswalia na kumzika siku ya pili, ardhi ikiwa ngumu kama jiwe. Nyumbani kwa binti yake Blaine, magari yalipanga mstari mpaka kona ya barabara, na wanawake wakajaa hadi kwenye ngazi. Binti anafanya kazi ofisini Eden Prairie, na Kiswahili chake hutoka kwa kuchagua. Alikuja kukaa karibu nami jikoni, akawa anatazama dirishani. "Anti, hawa wote walimpenda Mama?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, sana. "Siku ya kufunga duka nili-take off kazini," akasema. "Nikajua watu watakuja. Mama alipika mahamri. Tukakaa. Nobody came. Tukabeba maboksi mimi na yeye." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka kuelewa tu, na mimi wiki ile nilikuwa Mombasa.

Tunajua kuzika. Tunajua kuchanga, kupika pilau, kuendesha gari kwenye theluji tukamwombee maiti. Lakini mtu akipoteza kazi aliyoifanya kwa mikono yake miaka yote, ile iliyomfanya aitwe jina alilokuwa akiitwa, tunamwambia atapata nyingine, na tunapita. Huo nao ni msiba, na mwenye msiba yuko hai, anasikia nani amebisha hodi. Kwenye soko lile lile, fundi cherehani wa Lamu anafunga chumba chake Jumamosi hii. Nitakwenda mchana na chakula, nitakaa naye, na nikikukuta pale, msomaji wangu, nitafurahi.