Mektrida apangisha nyumba ya kihambani, Krismasi ikikaribia

Saa tatu asubuhi, Mektrida amepiga magoti bafuni katika nyumba moja ya Shanty Town, mjini Moshi. Anasugua mstari wa kahawia ambao mpangaji aliyeondoka jana ameuacha sakafuni kama kumbukumbu. Mlangoni amesimama mwenye nyumba, mzee Ebenezeri, mstaafu aliyerudi kutoka Dar es Salaam. Mikono iko nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Mama Primus, ile nyumba yangu ya pili nataka iwe ya wapangaji wa miezi. Miezi mitatu, minne. Nimeshanunua na sofa nyeupe."

Mektrida haachi kusugua. "Nyeupe, baba?"

"Nyeupe kabisa."

"Basi utafute na mpangaji asiyekula."

Mektrida ana miaka hamsini na minne, ni mjane wa Kibosho, na kwa miaka kumi na sita kazi yake imekuwa kutunza nyumba za watu zenye samani. Sasa anazo tatu. Kila moja inamlipa shilingi elfu tisini kwa mwezi, na magoti yake yanasema ni kidogo.

Wapangaji wake si watalii wanaokuja kupanda mlima na kuondoka baada ya wiki wakichechemea. Wala si familia inayohamia na kabati la bibi ikakaa miaka kumi. Ni watu wa katikati: daktari aliye mafunzoni, mtafiti, mhandisi wa mradi, mtu anayesubiri fundi wake amalize kuezeka, jambo ambalo Moshi linaweza kuchukua umri.

"Mgeni wa siku mbili anavumilia," anasema, akikamua dekio. "Wa miezi mitatu anaishi. Atapika maharage. Atafua. Ataugua mafua, na mama yake atakuja kumwangalia. Wenye nyumba wapya hawalijui hilo. Wananunua glasi za mvinyo kumi na mbili, halafu hakuna sufuria ya ugali."

Kwake yeye, godoro zuri ndilo la kwanza, picha za ukutani zitajileta. Tangi la pili la maji. Meza na kiti cha kufanyia kazi, kwa sababu wahandisi huandika ripoti wakiwa kitandani, na vitanda vitatu vimeshakufa hivyo mikononi mwake.

"Kabla hujapangisha, lala humo wiki nzima wewe na mama," anamwambia mzee Ebenezeri. "Mkigombana, tafuteni kilichokosekana."

"Na mkataba je?"

"Andika tarehe, kisha uitazame Desemba kwa macho mawili."

Hapo mzee Ebenezeri anacheka. Naye ni mtu wa Masama, ameelewa. Mchagga anaweza kukisahau kihamba chake, shamba la ukoo alilorithi, miezi kumi na moja, akaacha migomba ijitunze na kahawa izeeke. Ikifika Desemba anapakia watoto, magodoro na jirani mmoja, anarudi kulala palipo na makaburi ya babu zake.

Mektrida aliwahi kuona mwenye nyumba mmoja wa huko huko Masama akipangisha nyumba ya kihambani mpaka mwisho wa Januari, akasahau kuwaambia ndugu. Tarehe ishirini na mbili Desemba yaliingia magari matatu na mbuzi. Mpangaji, mwalimu wa watu, alitoka bafuni na taulo akakuta shangazi saba sebuleni, na wa kwanza akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Tangu siku hiyo nimewashauri watu wengi," anasema Mektrida. Anasimama kwa awamu mbili, kwanza kiuno, kisha magoti. "Sasa zamu yangu."

Kihambani Kibosho, nyuma ya kahawa, kuna nyumba ya matofali ya vyumba viwili. Ni yake. Ameijenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, baada ya mumewe Sirili kufariki. Pembeni yake iko ya zamani, ya mbao, anamolala yeye.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja Winfrida, mhandisi wa maji, akaikagua na kuitaka kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Februari, kwa shilingi laki tatu kwa mwezi. Mradi wake wa mabomba ni wa miaka miwili, na wenzake watakaompokea nao watahitaji pa kulala. Lakini alitaka jibu kufikia Ijumaa, la sivyo angechukua nyumba mjini.

Mektrida alijaribu ushauri wake mwenyewe.

"Mwanangu, huwezi kupisha wiki mbili tu, ukarudi Januari?"

"Mama, nihamishe vifaa na mafaili niende wapi? Krismasi ndiyo niko zamu."

Tatizo ni shemeji yake, Valerian, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam. Krismasi mbili zilizopita, yeye na watoto wake sita walilala katika nyumba hiyo mpya, hata kabla haijawa na milango. Jumatano Mektrida alimpigia simu, shuka mbichi zikiwa begani.

"Kwa hiyo, shemeji, nyumbani kwetu mimi nalala wapi?"

"Nyumba ya zamani. Ulizaliwa humo."

"Inavuja."

"Hata ulipozaliwa ilikuwa inavuja."

"Unamweka mtu baki karibu na makaburi ya wazee?"

"Wazee wako kimya, shemeji. Anayelalamika ni wewe."

"Basi mwaka huu hatuji," alisema Valerian, akakata simu.

Mektrida anasimulia haya bila kuinua sauti. Amechoka, na uchovu wake si wa jana. "Mjane asiyepatana na mashemeji," anasema, "hata yeye pale kihambani ni mpangaji tu. Tena asiye na mkataba."

Hata hivyo Ijumaa alisaini. Masharti aliyataja mwenyewe: kuanzia tarehe ishirini na nne hadi ishirini na saba Desemba, uwanja ni wa ukoo, waje wasije. Mlango na ufunguo ni vya mpangaji, hakuna atakayeingia.

Winfrida aliyasoma mara mbili. "Kutakuwa na kelele, mama?"

"Zitakuwepo."

"Zinaisha saa ngapi?"

"Tarehe ishirini na saba."

Kodi ya mwezi wa kwanza imenunua mabati ya kuziba paa la nyumba ya zamani. Mpango wake, mradi ukiendelea, ni kurudisha funguo za nyumba mbili za mjini ifikapo Machi, kubaki na moja isiyo na ngazi, na kulala mpaka jua litoke. "Sitaki makubwa," anasema. "Nataka niamke kwa sababu nimetosheka kulala."

Jumapili, akitoka misani, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Valerian, bila salamu.

Mbuzi akichinjwa kihambani, kila sehemu ina mwenyewe. Kuna fungu la mzee wa ukoo, la wake wa nyumba ile, la mkwe, hata la aliyeshika kisu, na watu wamewahi kununiana miaka mingi kwa ubavu uliokwenda pasipotakiwa. Ujumbe uliuliza: "Huyo mpangaji wako apewe fungu gani?"

La mpangaji halijawahi kuwapo. Mektrida aliusoma mara tatu, akakaa kwenye ukuta wa kanisa, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akajibu kwa kidole kimoja, polepole:

"Hilo haliamuliwi kwa simu, shemeji. Njooni."