Pasi, Maji Baridi na Mkono Wangu wa Kulia

Mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa ya bure, madarasa ya Kitale yalijaa, na sweta za shule zikahitajika nyingi kuliko mafundi walivyoweza kufuma. Nilikuwa na mashine moja ya mkono katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga karibu na soko. Kazi yenyewe ni kusukuma gari. Ndivyo tunavyokiita kile chuma chenye mpini kinachopita juu ya safu ya sindano, kulia kisha kushoto, kila kikipita kikiacha mstari mmoja wa uzi. Shule mbili zilikuwa zimeniagiza sweta za Januari, nami nilisukuma tangu asubuhi hadi giza lilipoingia.

Novemba mkono wa kulia ukaanza kuuma, kwenye kifundo, upande wa kidole gumba. Mwanzoni uliuma jioni tu. Baadaye nilishindwa kufungua chupa ya chai.

Mke wangu hakuwa na shaka na chanzo. Vipande vya sweta hupigwa pasi ya makaa kabla ya kuunganishwa, nami nilizoea kutoka kwenye pasi moja kwa moja hadi kwenye karai la maji baridi. Kuanzia Kitale hadi kwetu Bungoma kila mtu anajua kwamba anayefanya hivyo anaingiza baridi mifupani.

"Si nilikwambia?" alisema. "Unatoka kwa pasi unaenda kunawa kama bata. Sasa baridi imepanga nyumba ndani ya mkono, na kuhama haitaki."

Akanikanda kwa maji moto ya chumvi, akibonyeza palepale palipouma, kisha akanivika mkono wa sweta iliyoharibika. Nami nikarudi kwenye mashine kwa nguvu zaidi, kwa sababu tuliamini baridi hutolewa kwa kuufanyisha mkono kazi mpaka utoe jasho.

Habari zilifika Kachibora, kwa mama mmoja aliyefuma sweta kwa mashine iliyochakaa. Alikuja, akaikagua mashine yangu sindano kwa sindano, kisha akanitazama.

"Fundi, hii mkono yako imestaafu kabla yako. Niuzie mashine."

"Mashine bado inafanya kazi."

"Mashine najua. Nauliza wewe."

Nikamwomba asubiri hadi Krismasi. Bila mashine ningerudi kwenye shamba la ndugu yangu nyuma ya Kimilili kushika jembe, na jembe pia hushikwa kwa kidole gumba.

Kitu nisichokielewa hukijaribu sehemu moja moja. Kwanza niliacha maji baridi kabisa. Maumivu hayakupungua. Kisha nikageuza: nikaacha kusukuma gari, nikapiga pasi vipande vilivyokuwa tayari, na kila nilipomaliza nikanawa maji baridi makusudi. Mke wangu alinitazama kana kwamba nakunywa sumu. Wiki ilipoisha nilifungua chupa ya chai mwenyewe.

"Ni ile chumvi," alisema.

Nikarudi kwenye mashine, na siku hiyohiyo maumivu yakarudi. Mkosaji nilishamjua, ila sikujua anavyofanya kosa. Nikaenda Bungoma, kwa mtaalamu wa viungo katika hospitali moja. Aliniambia nifumbate kidole gumba ndani ya vidole vingine, kisha niinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho. Nilitoa sauti niliyodhani naweza kuizuia.

"Umeona?" alisema. "Kano za kidole gumba zinapita kwa njia nyembamba hapa kwa kifundo, kama kamba ndani ya upindo wa kaptula. Ukivuta hiyo kamba kutwa nzima, upindo unavimba, kamba inakwama. Na hawa wanaokukanda wanabonyeza mahali pamevimba."

Alinifunga kibao kifundoni, akaniagiza nipumzike, na baada ya hapo nibadilishe namna ya kufanya kazi. Namna yenyewe niliitafuta nyumbani. Niligundua kwamba nilikuwa nikiubana mpini kwa gumba na kuvuta kwa kifundo peke yake, juu ya reli kavu, nikiwa nimeketi chini mno. Nikaipandisha meza kwa matofali. Nikapaka reli mafuta, nikapitisha uzi kwenye nta uteleze. Nikajifunza kusukuma kwa kiganja kilicho wazi, nimesimama, uzito ukihama kutoka mguu hadi mguu. Sikusubiri tena maumivu ndipo nipumzike. Nilipomaliza kipande kimoja nilikwenda kupiga pasi au kuunganisha.

Mama wa Kachibora alirudi kabla ya Krismasi, akanikuta nikiyumba mbele ya mashine.

"Kwani siku hizi unafuma ama unacheza?"

"Yote mawili. Mashine siuzi, mama."

"Na ikiuma tena?"

"Nitaacha kabla haijauma. Kwa hivyo shule ya pili sitaiweza. Chukua wewe."

Alidhani namtania, hadi nilipomwekea mlangoni uzi wa kijani wa shule hiyo. Mke wangu alingoja aondoke.

"Mzee, umempa kazi yetu."

"Nimempa ile ambayo ingetufanya tuuze mashine."

Alimimina maji moto kwenye karai, akalisukuma mbele yangu, na safari hii sikubishana naye. Nikanawa, nikarudi kwenye kipande cha shule iliyobaki.