Mashine ya Supu Inayomtisha Jirani

Mnanichosha na hilo swali lenu, "Mashine ya supu ninunue ama niache?" Mimi sina. Jirani yangu hapa mtaani Niboye anayo, na anaiogopa. Mama mkwe wake alipata kiharusi, kumeza kunamshinda, na mwezi uliopita nusura kipande cha karoti kimkabe. Ndipo wakanunua mashine. Inachemsha, inasaga, inalia pii, lakini jirani haiamini. Anasugua supu kati ya vidole akitafuta vipande, anaipitisha kwenye chujio la chai, halafu anaonja kwanza mbele ya mgonjwa, kama tunavyomwonjea mgeni kinywaji hapa kwetu kuonyesha hakina sumu. Kisha anamlisha kijiko kimoja kimoja: "Mama, meza pole pole."

Jana, nikiwa kwao, mama mkwe alikohoa. Jirani aliganda, kijiko hewani, mpaka sauti ya mgonjwa ikatoka: "Wewe, hii ni supu ama maji ya kuosha sahani?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, alirudisha bakuli jikoni akachuja upya. Kwenye chujio kulibaki uzi mmoja wa dodo, mchicha wa hapa kwetu, mwembamba kama kope. Tafadhali, kama unajua mashine inayosaga mpaka mwisho, niandikie leo, kabla hajapika tena.