Bekihendi ya Mikono Miwili na Kikoi Kimoja

Jamani, chekeni tu, hata nikificha vipi mtaa mzima wa Langoni wajua. Mimi hucheza tenisi kwenye kiwanja cha saruji cha shule, na ugonjwa wangu ni bekihendi: mpira ukija kushotoni kwangu, nishaupoteza. Basi Twalibu, mwalimu wa michezo, akanifunza mwezi mzima kupiga kwa mikono miwili, geuza bega, zungusha kiuno, mkono wa kushoto ndio usukume, nami (kwa domo langu) nikampigia simu shemeji yangu Athumani kule Kizingitini, nikamwambia njoo tucheze, uone mchezo.

Akaja. Na baba mkwe akaja naye!

Siku hiyo nimetoka msikitini alasiri na kikoi changu, nikajiambia kurudi nyumbani kubadilisha nguo ni kupoteza wakati, nitacheza hivi hivi. (Hapo ndipo nilipojiroga.) Kila nikizungusha kiuno kikoi chalegea, ikawa mkono mmoja washika raketi, wa pili washika kikoi, na mipira yote yaishia kwenye neti.

"Bwana Shee, mikono miwili!" Twalibu akapiga kelele. "Huo wa kushoto wafanya nini kiunoni?"

Watu wakaangua kicheko. Ikabaki pointi moja tu nifungwe. Nikamwona baba mkwe atikisa kichwa, uchungu ukanipanda, na mpira ulipokuja kushotoni nikashika raketi kwa mikono yote miwili, nikageuza bega, nikazungusha kiuno, nikaupiga. Wallahi sijawahi kupiga mpira vile! Ukampita Athumani kama risasi, ukatua ndani ya mstari. Nangoja makofi, kumbe macho yote yako kiunoni kwangu. Kikoi kiko miguuni, nami nimebaki na bukta kuukuu ambayo mke wangu aliitia kiraka nyuma, kiraka kikubwa cha maua mekundu.

Baba mkwe akainama atazame vizuri. "Athumani," akasema taratibu, "lile si pazia nililowapa hawa siku ya arusi yao?"

Nikaokota kikoi, nikakifunga. "Lakini mpira umeingia, au sio?"

"Mpira gani?" Athumani akajibu, machozi ya kicheko yamtoka. "Nani aliyetazama mpira?"

Tukarudia pointi. Nikapiga neti.

Tangu hapo nimeapa, raketi siishiki bila suruali yenye mshipi, na mke wangu hunikagua mlangoni kabla sijatoka. Aibu nimeshaizoea. Kinachoniuma ni kwamba bekihendi moja safi niliyojaaliwa duniani haina hata shahidi mmoja.