Nilivyomburuta Mkwe Wangu Mpaka Mstarini

Nilikwenda Houston kwa sababu ya mjukuu ambaye alikuwa bado tumboni. Nasema hili mapema ili mtu asidhani nilifuata medali. Nina miaka hamsini na mbili, ni nesi hapa Dallas, na goti langu la kushoto hutabiri mvua.

Binti yangu Neema ameolewa na Wafula, Mkenya wa Bungoma, na wanaishi Katy, magharibi ya Houston. Wafula ni kijana mzuri. Nasema hivyo kwa kusikia, maana kwa miaka mitatu ya ndoa yao tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Kwao mama mkwe haguswi, hapewi mkono, huli naye meza moja, na akiingia chumbani wewe unatoka. Siku ya harusi alinisalimia akiwa upande wa pili wa keki. Nikienda kwao, mimi naingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea gereji. Kwetu Iringa nako tuna heshima zetu, nami sikumlazimisha, ila mlio wa mlango wa gereji ile niliujua kuliko sauti yake.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, Neema akanipigia simu.

"Mama, mtoto akizaliwa nataka uje ukae na mimi mpaka arobaini iishe. Lakini niko serious, siwezi kulala na mshono huku nawatafsiria watu wawili wanaojua Kiswahili. Mama yake Wafula ana viza tayari."

Neno hilo la viza liliniingia kama sindano, na sindano ninazijua. Neema mwenyewe nilimzaa hapa Dallas, peke yangu. Mama yangu alikuwa amenyimwa viza, na nesi aliyenishika mkono zamu yake iliisha kabla mtoto hajatoka. Siku ile nilijiapiza kwamba mwanangu hatazaa hivi. Leo naambiwa nafasi yangu inaweza kuchukuliwa na mwanamke wa Bungoma mwenye pasipoti safi. Niliumia, sitawaficha.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

Akanieleza. Kila mwaka yeye na Wafula huingia kwenye mashindano ya watu wawili wawili wa familia moja. Mnakimbia kwenye shamba la ng'ombe, bunduki mgongoni na bastola kiunoni, mnapiga shabaha, mnapanda kuta, na ni lazima mmalize pamoja. Mwaka huu daktari amemkataza. "Si ulisema ulipiga bunduki kambini? Ingia wewe na Wafula. Mkimaliza pamoja, mkiongea kama watu, unakuja wewe. Mkishindwa, nampigia mama yake akate tiketi."

Kambini nilipiga, ndiyo. Baada ya kidato cha sita tulipelekwa mwaka mzima kulima, kukimbia na kulenga shabaha, tukipokezana bunduki zilizotuzidi umri. Nikasema sawa. Ningesema sawa hata kama angetaka niruke na parachuti.

Dallas, mazoezi yalianza kwa mchele. Nilifunga mfuko wa mchele mgongoni badala ya bunduki, nikawa nakimbia mchakamchaka mtaani kwetu kabla ya kazi, naimbisha mwenyewe na kuitikia mwenyewe. Jirani mmoja alisimamisha gari akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia nahitaji watu wa kuitikia tu. Akafunga kioo taratibu. Kila alasiri niliyokuwa sina zamu nilisimama sebuleni nimenyoosha mikono kuelekea picha ya Neema ya mahafali, bila silaha, mpaka mabega yakawaka moto.

Fort Worth, kwenye uwanja wa shabaha, nilipata mwalimu, mzee wa Kimarekani mwenye kofia pana na maneno machache. Siku ya kwanza alitazama matundu kwenye karatasi yangu, akanitazama, akarudi kutazama karatasi.

"Ulijifunza wapi?"

"Shuleni," nikamjibu. Hakuuliza tena.

Ndiye aliyenifundisha jambo ambalo kambini hatukuwa nalo. Mkiwa wawili, hakuna anayetoka alipo bila kuitikiwa. Anayetaka kuhama anapaza sauti, "Nasogea!" Mwenzake, akihakikisha mdomo wa bunduki yake hauelekei njia hiyo, anajibu, "Sogea!" Usipojibiwa, hutoki. Nikaona ni rahisi. Nilikuwa nimemsahau atakayejibu.

Ijumaa mchana niliondoka Dallas, bunduki kwenye sanduku lake nyuma ya gari, kitenge kiti cha mbele. Ninyi mnaodhani Dallas na Houston ni kama Kinondoni na Ilala, fikirieni Dar na Dodoma, na katikati ni barabara iliyonyooka mpaka mtu anaanza kuzungumza na usukani. Mpaka Corsicana ni mashamba. Baada ya Buffalo ni mashamba mengine. Huntsville misonobari ikaanza, nikasimama kujaza mafuta na kunyoosha goti. Goti likasema mvua itanyesha. Jua lilikuwa likiwaka kwelikweli.

Katy nilifika jioni, magari ya wanaotoka kazini yakiwa yamegandana. Neema alinipokea, tumbo kwanza. Kutoka gereji nikasikia ule mlio. Alikuwa amepika mwenyewe, Wafula, ugali na kuku wa kienyeji aliyemtafuta sijui wapi, kisha akachukua sahani yake akaenda kula gereji, mlango ameuacha wazi kidogo.

"Neema," sauti ikatoka huko, "ambia Mama kesho tunatoka mapema."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Amesikia," Neema akasema, akanitazama bila kupepesa macho. "Unaona ninachomaanisha?"

Jumamosi alfajiri mvua ilikuwa inanyesha. Tulipofika shambani ilikatika, ikaacha matope na majani yanayoteleza. Neema akakunjua kiti chake kwenye mstari wa kumalizia akakaa na mwavuli, kama mkaguzi kutoka wizarani. Mwamuzi alikagua silaha zetu, akaona kitenge nilichojifunga kiunoni juu ya suruali. Akauliza ni cha nini. Nikamwambia bado sijui, lakini kwetu mwanamke hatoki bila kitenge.

Kipenga kilipolia tulikimbia. Wafula alikuwa na taabu yake. Akitangulia angenipa mgongo, na hiyo ni dharau. Akifuata nyuma angenitazama mgongo, na hiyo ni mbaya zaidi. Basi akakimbia pembeni, mbali na njia, kwenye majani yenye miba, mtu wa kilo zaidi ya mia anayepiga chafya. Njia yote tuliachiwa mimi na ng'ombe.

Kituo cha kwanza kilikuwa na kuta mbili za mbao. Nilitakiwa kutoka nyuma ya ukuta wa kwanza kwenda wa pili, yeye akipiga sahani za chuma upande wake.

"Nasogea!" nikapaza sauti.

Kimya. Nikarudia. Nilimwona midomo ikicheza, jasho linamtiririka. Jamani, ni nani atamwamuru mama mkwe wake? Mwisho akasema, kwa upole kabisa, "Karibu, Mama."

Mwamuzi akauliza amesema nini. Nikamwambia ni neno la kumkaribisha mgeni. Akasema kanuni hazina mgeni. Tukapewa adhabu ya dakika, jozi mbili zikatupita, na kwa mbali niliuona ule mwavuli umesimama wima. Nilimwona mama wa Bungoma akishuka kwenye ndege.

Kituo cha pili ni ukuta mrefu, na kila mtu hukanyaga mikono ya mwenzake kupanda. Wafula alitazama mikono yake, akaingia vichakani, akarudi anaburuta gogo. Akalisimamisha ukutani, akageuka kutazama ng'ombe. Nikapanda. Mwamuzi wa hapo alipekua kanuni zake, hakukuta mahali palipokataza gogo.

Kituo cha tatu ni cha bastola, na huko ndiko alikozungumza nami kwa kweli kwa mara ya kwanza. Sahani zangu nilizimaliza. Yeye alikuwa anahema mpaka bastola inacheza, anakosa na anakosa tena. Akashusha mikono, mdomo wa bastola ukitazama chini.

"Nimeharibu," akasema. "Neema ataita mathe yangu aje, na mimi… mimi nilitaka uje wewe, Mama. Neema analia usiku akikumbuka vile ulimzaa peke yako. Nilitaka ukuje. Ni vile tu sijui nitakuwa nikikaa wapi."

Miaka mitatu nilidhani yule kijana ananikimbia. Nilitamani kukaa chini nilie, lakini saa ilikuwa inahesabu.

"Utakaa kwenye kochi lako," nikamwambia. "Sasa vuta pumzi. Toa. Usikivute kifyatulio, kibonyeze polepole. Haya!"

"Ndio, Mama."

Sahani ikalia. Ya pili ikalia. Zilipoisha nikapaza sauti, "Nasogea!" naye akajibu, "Sogea, tafadhali, Mama!" Mwamuzi akatikisa kichwa, lakini aliandika kwamba imepita.

Kituo cha mwisho kilikuwa cha majeruhi. Silaha mnazikabidhi mezani zikiwa hazina risasi, kisha mmoja analala chini kama aliyeumia, na mwenzake anamfikisha mstarini kwa njia yoyote. Jozi zote zilizotutangulia, mkubwa alimbeba mdogo begani. Wafula alinitazama, akatazama mabega yake, akatazama mbinguni. Kisha akalala chini. Siku nzima hakuwa amefanya jambo lolote kwa haraka namna ile.

"Wafula," nikasema.

"Siwezi kukubeba, Mama. Hiyo nayo siwezi. Niache hapa."

Nikafungua kitenge. Wodini mgonjwa mzito hainuliwi, anatandikiwa shuka na kuvutwa. "Geuka kulia," nikamwambia, akageuka, nikakisukumia kitenge chini yake. "Geuka kushoto." Nikakusanya ncha zote mbili, nikaegemea nyuma, nikavuta. Majani yalikuwa yameloa, na ng'ombe nao walikuwa wametusaidia kwa kuyalainisha zaidi. Tukateleza. Nilianza mchakamchaka kwa sauti, na yeye huko chini, amelala chali, macho ameyafumba, akaanza kuitikia. Hapo nikajua tutafika.

Kitenge kikachanika. Kilianza kwenye pindo kikaenda mpaka katikati, nami nikaketi kwenye matope nikiwa na kipande mkononi. Mstari ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona Neema amesimama, mikono yote miwili tumboni.

"Lete mikono," nikasema.

"Mama, kwetu hii ni mbuzi. Nikiguswa na mama mkwe inabidi mbuzi achinjwe."

"Huyo mbuzi nitamla mimi. Nimegeuza wanaume wazito kuliko wewe kabla sijanywa chai. Wafula, mwanangu, lete mikono."

Akainyoosha. Nikaishika. Nikavuta huku goti linapiga kelele na mimi napiga kelele, na mwamuzi anatembea kando akisema majeruhi haruhusiwi kusukuma kwa visigino. Alikuwa anasukuma kwa visigino. Tukavuka.

Tulikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho walikuwa wameacha njiani. Neema alitutazama, mimi na matope yangu, mumewe na mambo ya ng'ombe mgongo mzima.

"Tumemaliza pamoja," nikasema.

"Na tumeongea," Wafula akasema, bado yuko chini. "Tumeongea sana."

Neema akalia mpaka mwavuli ukamponyoka. Jioni ile Wafula alinunua mbuzi mzima, akamchoma nyuma ya nyumba, akaleta nyama mezani. Akakaa. Alikaa ncha ya mbali na hakuinua macho, lakini alikaa, na chumvi alinipa mwenyewe.

Jumapili nilirudi Dallas polepole, maana goti lilitaka nisimame kila mji kulinyoosha. Mtaniuliza nimejifunza nini safari yote ile. Nimejifunza kwamba kijana yule hakuwa ananikimbia. Alikuwa ananipa nafasi, ila kubwa kupita kiasi, mpaka nikapotelea humo. Na nimejifunza kununua kitenge kizito.

Wiki kadhaa baadaye, Dallas, alasiri moja nilikuwa dukani kwenye foleni ya nyama, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Wafula, ambayo nilikuwa nayo tangu harusi na haikuwahi kunipigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Chupa imepasuka. Tuko njiani kwenda hospitali. Anakuita." Nyuma yake nilimsikia Neema akiniita kweli, kama alivyoniita alipokuwa mdogo akianguka na baiskeli.

Nikaacha kitoroli na nyama humo humo. Mbele yangu zilikuwepo Corsicana, Buffalo, Huntsville, na magari yote ya Houston.

"Nasogea!" nikapaza sauti, watu wote dukani wakageuka.

Upande wa pili nikamsikia anavuta pumzi na kuitoa. Kisha akapiga kelele mpaka sikio likaniuma, bila tafadhali wala mama.

"Sogea!"