Shingo ya Sweta la Kijivu

Kila mwaka, upepo unapoanza kupenya chini ya mlango, Mama Nyuzi hukusanya masweta yote ya nyumbani mwake na kuyafumua. Huanza na la binti yake, kwa kuwa mtoto ndiye anayekua. Hutafuta ncha ya uzi, huivuta, na sweta linarudi nyuma safu kwa safu mpaka linabaki rundo lililojikunja kama tambi zilizomwagika. Uzi huo huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa, huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kisha hutundikwa kwenye kamba ya nguo na chupa ya maji ikining'inia chini yake ili uzito uunyooshe. Ukikauka hufumwa upya, na sweta linalotoka huwa kubwa kidogo kuliko la mwaka uliopita.

Majirani ndio waliompa jina hilo, walipochoka kuinama kila wakipita uani. Mwanzoni lilikuwa la kumcheka. Siku hizi hata mwenye nyumba humwita hivyo anapokuja kudai kodi, na yeye huitika.

Kazi yake ni zipu. Anakaa kwenye kona ya duka la fundi cherehani, mgongo ukutani, na kila koti lililokataa kufunga huishia mapajani mwake. Hulipwa kwa kila zipu. Baridi inapobisha hodi makoti huwa mengi, na mtu angedhani hapo ndipo anapovuna. Lakini mwaka huu watu wamejifunza kufunga makoti kwa pini, na kuna siku anarudi nyumbani na vidole safi, jambo ambalo kwa fundi si habari njema.

Nyumbani wako watatu: yeye, binti yake na mama mkwe wake. Vyumba ni viwili, lakini baridi ikiingia kimoja hufungwa, na wote hulala kwenye kile chenye jiko. Nyufa za dirisha huzibwa kwa vitambaa vinavyosukumwa ndani kwa ncha ya kisu. Maharage huchemshwa kidogo tu, kisha sufuria huviringishwa kwenye blanketi kuukuu yajiivie yenyewe mpaka jioni. Maji yanayobaki kwenye chai huingia kwenye chupa ya kioo, na chupa hiyo huenda miguuni kwa bibi. Hita ya umeme ipo, chini ya kitanda, imefunikwa taulo kama mgonjwa. Haijawashwa tangu binti alipobanwa na kifua msimu uliopita.

Kifua hicho ndicho kilichokuwa hesabu kubwa ya nyumba. Msimu uliopita kilimfunga mtoto mara mbili, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na mara ya pili akalazwa. Muuguzi, akimrudishia mama kadi ya kliniki, alisema maneno machache: kifua kisipigwe na baridi, avae kitu kinachombana mwilini, ndani ya nguo za shule, si shuka la kujitanda juu. Shule iko ng'ambo ya uwanja mpana usio na hata mti wa kukinga upepo, na binti huondoka kabla jua halijachomoza.

Sasa alikuwa amerefuka ghafla, kama wanavyorefuka watoto wakifika umri ule. Sweta la mwaka jana lilimwishia kitovuni. Na uzi wake haukufaa tena, kwani sufu nayo huchoka. Ukiifumua na kuifuma kila mwaka inakonda, inapoteza manyoya, mwishowe inabaki kama kamba ya kufungia mizigo. Sweta la mama lilikwisha kuongezwa humo humo, na mwaka jana kizibao cha bibi. Hapakuwa na kingine cha kufumua.

Kwa hiyo Mama Nyuzi alitenga pesa ya uzi. Haikutoka mahali pamoja. Ilitoka kwenye sukari, kwenye nauli, kwenye sabuni iliyokatwa vipande vidogo kuliko kawaida. Kisha akaenda kwa muuza mitumba anayeitwa Waziri, ambaye amepewa cheo hicho kwa sababu kila mteja huahidiwa kwamba belo la kesho ndilo lenye vitu.

Mama Nyuzi hanunui sweta zima. Hununua lililoungua, lililopasuka, lisilovalika, kwa sababu anachotaka ni uzi tu. Na ana desturi moja asiyoiacha: hulipindua sweta ndani nje na kuangalia mishono. Kama vipande vimefumwa kila kimoja peke yake kisha vikaunganishwa kwa mkono, uzi ni mmoja mrefu toka mwanzo hadi mwisho. Kama vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa na kushonwa kwa mashine ya ovaloki, kila safu imekatwa pembeni, na ukifumua utapata vipande vifupi visivyozidi upana wa mwili.

Siku hiyo mvua ilianza kunyesha akiwa bado anachagua. Watu wakasongamana chini ya turubai. Alikuwa ameshika sweta zito la bluu, lenye tundu la moto kifuani ukubwa wa sahani, na mama mmoja mnene alikuwa ameshika mkono mmoja wa sweta hilo hilo.

"Dada, hilo nimeliona mimi," alisema yule mama.

"Umeliona, mimi nimelishika."

"Utalivaaje na dirisha hilo kifuani?"

"Halivaliwi. Linaliwa," akajibu Mama Nyuzi, na watu wakacheka, na yule mama akaachia.

Waziri naye akadakia, "Mpisheni huyu, yeye akinunua nguo kesho yake haipo. Ni kama benki zetu."

Alilipa, akalikumbatia chini ya kanga lisilowe, akaondoka. Hakulipindua.

Nyumbani alikaa kando ya jiko, akachukua mkasi mdogo, akafungua ubavu. Aliona ukingo uliofungwa kwa nyuzi nyembamba za mashine. Akavuta. Uzi ukatoka, urefu wa mkono, ukaisha. Akavuta mwingine, ukaisha. Bibi alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Ovaloki?" aliuliza bibi.

"Ovaloki."

"Na wewe ndiye unayewafundisha wenzio."

"Mvua ilikuwa inanyesha, mama."

Siku iliyofuata Mama Nyuzi alijaribu kuokoa mali. Dukani, fundi mwenye cherehani akiwa amekwenda kula, alikata vipande vizima akaviunga. Sweta hilo la viraka lilipoingia chini ya shati la shule lilitokeza kila mahali, mishono minene kama kamba, na hewa ikapita katikati. Mwishowe zikapatikana soksi mbili za bibi, nene, za bluu, mguu mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake. Pesa ya uzi ikawa imekwisha kwa mtindo huo.

Lilibaki sweta moja ambalo halikuwahi kutajwa. Lilikuwa la kijivu, la sufu nene isiyotiwa rangi, na lilikaa kwenye sanduku la bati ndani ya mfuko wenye vidonge vya kufukuza nondo, wadudu walao sufu. Bibi alilifuma kwa mikono yake kabla vidole havijapinda. Lilikuwa la mwanawe, mume wa Mama Nyuzi, aliyekwenda mbali kutafuta kazi akaliacha kwa sababu huko alikokwenda ni joto. Kwanza alipiga simu kila wiki. Baadaye ikawa sikukuu kwa sikukuu. Huu ni mwaka wa nne, na namba yake haipatikani. Kila msimu bibi hulitoa, hulianika kivulini kwenye mgongo wa kiti, na kwa siku hiyo moja nyumba huonekana kama ina mwanamume aliyetoka mara moja.

Mama Nyuzi aliyatafuna maneno siku nzima kabla hajayatoa.

"Mama, lile la kijivu."

"Lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo."

"Kutokuwepo si kukosa nguo," alisema bibi. "Mtoto alivae kama lilivyo."

"Alishalijaribu siku ulipolianika. Shingo imemkaa, lakini chini linampwaya kama hema, halikai ndani ya shati. Nikilifumua napata la mtoto na kizibao chako juu yake."

"Mimi sijaomba kizibao."

Baada ya hapo waliongea kwa adabu iliyozidi. Mkwe, nipishe. Mama, chai hii. Watu wa nyumba moja wakianza kuombana radhi kwa kila hatua, ujue kuna kitu kimekaa katikati ya chumba.

Kisha baridi yenyewe ikafika. Asubuhi moja uwanja uliamka mweupe kwa umande ulioganda, na binti akaondoka amejitanda shali la bibi juu ya koti.

"Bibi, nitaonekana kama nimefiwa," alisema mlangoni.

"Bora uonekane."

Alirudi mchana akiwa amelishika mkononi, kwa kuwa mwalimu alimvua langoni akisema si sare ya shule. Alikaa kwenye kigoda, mabega yamepanda juu, mikono imeshika magoti. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Kutoka kifuani ilitoka sauti nyembamba, kama filimbi inayopigwa chumba cha pili. Mama alitoa hita chini ya kitanda, akaiwasha bila kuangalia mita, akamkalisha binti mbele yake na dawa yake ya kuvuta. Bibi aligeuza kiti, akakaa akisikiliza ile filimbi mpaka ikapungua.

Jumapili mchana, binti akiwa amelala, Mama Nyuzi alifungua sanduku. Hakungoja bibi atoke, wala hakunyata. Alilitoa sweta la kijivu mbele ya macho yake, akakaa chini, akalilaza mapajani. Alijua anachokifanya, na alitaka kionekane. Bibi alitazama dirishani.

Alitafuta ncha shingoni, mahali ambapo wafumaji wote aliowajua humalizia. Aliipata, akaivuta. Haikutoka. Uzi ulikaza, ukajifunga kwenye kitanzi. Akaufungua kwa ncha ya sindano, akavuta tena, ukajifunga tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kitanzi baada ya kitanzi, na shingo ikaanza kuvimba. Hatimaye akachukua mkasi.

"Ukiweka mkasi hapo utaliua," alisema bibi.

Mama Nyuzi alisimamisha mkono.

"Unatafuta mwisho mahali nilipoanzia. Mimi naanzia shingoni. Mwisho wangu uko chini, upande wa kushoto, nimeuficha kwenye ukingo."

"Kwa nini shingoni, mama?"

"Kwa sababu mtoto wa maskini anarefuka kila mwaka, na shingo hairefuki. Ukianzia juu, unafungua ukingo wa chini, unaongeza. Hilo halikufumwa mara moja. Nililianza ana umri wa huyu aliyelala hapo. Kila mwaka nilimwongezea. Alipooa nikaongeza mara ya mwisho, na upana. Akasema, mama sasa basi, nimeacha kukua."

Akanyoosha mkono. Mama Nyuzi akampa sweta. Bibi alipapasa ukingo wa chini bila kuutazama, vidole vyake vilivyopinda vikapita juu ya mishono, vikasimama. Kwa ukucha akainua fundo dogo ambalo mtu mwingine asingeliona. Akalifungua, akavuta, na safu ya kwanza ikatoka kwa urahisi, mfululizo, kama kitu kilichokuwa kikingoja.

"Shika," alisema.

Walifanya kazi mpaka mchana ukaanza kuchoka, bibi akivuta, mkwe akiviringisha. Uzi ulitoka mzima, mzito, ukiwa bado na mafuta ya sufu. Bibi alizitambua zile nyongeza zilipopita mikononi mwake, kwa sababu kila mwaka sufu ilikuwa kijivu cha aina yake. "Hapa alikuwa ameanza kazi," alisema mara moja. Baadaye, "Hapa alikuwa mgonjwa wa mguu." Mama Nyuzi hakumjua mumewe katika miaka hiyo. Aliendelea kuviringisha.

Walipofika chini kidogo ya kola, bibi akasimama.

"Basi. Hapa usifumue. Hii shingo imeshamkaa, umesema mwenyewe. Pita na sindano vitanzi vyote, kimoja kisidondoke, halafu uanze kushuka kwa kipimo chake. Akirefuka, utajua pa kuongeza."

Binti aliamka akamkuta mama yake anampima mgongo kwa uzi. Alipoiona ile shingo ya kijivu juu ya sindano, akaelewa imetoka wapi, akamtazama bibi yake.

"Baba akirudi je?"

"Akirudi atatukuta," alisema bibi.

Sweta liliisha katikati ya wiki. Lilikaa chini ya shati bila kujikunja, na asubuhi binti alivuka uwanja, mama yake akimtazama kutoka mlangoni mpaka alipopotea upande wa pili bila kusimama hata mara moja kushika kifua. Hita ikarudishwa chini ya kitanda, na taulo lake.

Uzi uliobaki ulikuwa mpira mkubwa kama kichwa cha mtoto. Mama Nyuzi alileta sindano nene na kumwambia mama mkwe wake ageuke, ampime kizibao. Bibi hakugeuka. Aliuchukua ule mpira, akautia kwenye mfuko pamoja na vidonge vya nondo, akaulaza ndani ya sanduku mahali lilipokuwa sweta.

"Mama, baridi haijafika nusu."

"Nina soksi."

"Na uzi huo haumtoshi mwanao, hata akirudi."

"Haumtoshi," alikubali bibi. Akafunga sanduku, akarudi kwenye kiti chake, akaweka miguu yake ya bluu juu ya chupa ya maji moto. "Lakini kwa kuanzia shingo unatosha."

Mama Nyuzi alisimama na sindano mkononi. Kisha akazirudisha kwenye kopo lake, akachukua kisu na kitambaa, akaenda kuziba upya ufa wa dirisha ulio karibu na kile kiti.